Maneno Ile Sikumupa Karani wa Masua

Baraka, siku ya posho, mwezi wa saba, 1956

Upepo wa kusini umeamuka mapema leo. Ziwa iko na hasira, muchanga inaruka mupaka mu sufuria ya bugali, na milima ya Ubwari haionekani kabisa kule ng'ambo, moshi ya bantu benye banachoma mashamba imeifunika. Masua kubwa ilifika asubui na tayari imeenda zake, kapiteni aliogopa mawimbi. Mi pia niko na hasira. Tangu muchana roho inanichemuka, na sina muntu wa kumutapikia hii maneno, basi ninaandika.

Nilikuwa na furaha pia leo, saa moja ao nusu saa. Hiyo njo inaniuma zaidi.

Alimasi, karani wa masua, kijana wa Uvira mwenye mudomo tamu, alishuka na vitu viwili vya kwangu: bahasha moja kubwa na swali moja. Bahasha nitaisema nyuma. Swali ilikuwa hivi: kompani yao inataka kuchapa karatasi ndogo ya kugawia basafiri, bale bazungu benye banapanda masua Usumbura bila safari yoyote, kula hewa ya ziwa tu, kulala ndani, kushuka kidogo mu kila muji, kutazama bantu, kiisha kupanda tena.

"Mama Riziki," akaniambia, "we ulisoma ku masista, unajua Kifaransa kidogo na unajua namna banapenda. Nipe maneno ya kumusaidia musafiri akishuka Baraka. Maneno muzuri, eh? Usinipe ya uchungu."

Nikamupa. Nikamuambia musafiri akunywe maji ya kuchemusha, avae kofia, anunue vikapo kwa bamama ba Lweba kwa sababu vyao vinakaa miaka. Nikamuambia maembe ni ya wakati wa mvua, asiitafute mu kiangazi. Nikamuambia arudi ku masua mbele ya saa sita, sababu nyuma ya saa sita upepo wa kusini unainuka na mutumbwi unaweza kumumwanga na kofia yake. Alimasi akaandika yote, akaweka kalamu nyuma ya sikio, akaenda akipiga muluzi.

Yote ni kweli. Lakini si ile nilikuwa nayo mu tumbo.

Bon. Musafiri, kaa hapa, mi nikuambie.

Masua yako haitafika ku muchanga. Maji ya Baraka ni mafupi, inatupa nanga mbali, na mitumbwi inakuja kukukamata. Kiisha mutumbwi nao unasimama, na baba muzima, baba ya batoto, anaingia mu maji na kukupa mugongo wake upande. Ile maji iko mu magoti. Mu magoti tu! Batoto betu benye habajatoka meno ya pili banapita mule na chupa ya mafuta ku kichwa. Vua kiatu, kunja suruali, tembea. Na kama unaogopa maji ya magoti, basi kaa kimya ku mugongo wa muntu, usimugonge bega na fimbo yako kama punda.

Ukifika ku nchi kavu, utaona kitu inangaa chini, nyeupe-nyeupe, tangu maji mupaka ku majani. Usipite juu. Ile ni ndakala, samaki yetu ndogo, na bamama baliianika asubui ili ikauke. Ile muchanga tunaifagia kila siku, njo sahani yetu. Niliona siku moja kiatu cha kisigino kinapita juu ya ndakala ya jirani yangu Mama Feza, toko-toko-toko, na mwenye kiatu anatazama mawingu. Mama Feza alifanya nini? Alicheka, maskini, akasema "bonjour." Mangaribi akazichagua moja-moja, zenye kupona na zenye kuvunjika, akitukana ukoo wa yule muzungu mupaka babu wa babu. Na mi nilimusaidia kuchagua na kutukana.

Usije mu giza ya mwezi. Wakati mwezi haupo, banaume banalala huko ziwani na moto ku mitumbwi, samaki inafuata mwangaza. Masua yenu ikipita na taa zake zote na muziki yake, samaki inakimbia. Kiisha muchana unashuka, unakuta bantu bamelala kivulini, unaandikia mama yako kwamba bantu ba Baraka ni bavivu. Kuja mwezi ukiwa muzima. Wakati ule banashona nyavu, bako na nafasi hata ya kukuchekea.

Na bonbon, ile pipi yenu, usiitupe mu maji kwa batoto. Bataruka juu yake, na mamba hasomi karatasi ya kompani.

Ninajiona vile ninazunguka-zunguka. Hii yote ni maneno ya pembeni. Neno yenyewe ni picha.

Kwetu, mwanaume na mama mukwe wake habatazamani uso. Si kusema banachukiana, hapana! Ni heshima, na inapita heshima zote: ule mwanamuke alikuzalia bibi, uso wake si wa kuchezea. Bakikutana ku njia, mumoja anaingia mu majani mupaka mwingine anapita. Habakuli sahani moja. Habashikani mukono. Hata mutoto mudogo anajua hiyo, hakuna muntu anamufundisha.

Mwaka huu, mu wakati wa mvua, nilizaa mutoto wangu wa kwanza, Riziki. Mama yangu akashuka kutoka Lubondja na kikapo ya unga na ndizi, kuja kuniosha, kumukanda mutoto, kunipikia uji. Alilala mu nyumba ya jiko kule nyuma. Na Wilondja, bwana yangu, kila mara akitaka kupita nyuma ya nyumba, alikohoa kwanza. Mama akisikia kikohozi, anafunika uso na kitambaa, anageukia ukuta. Wilondja anapita. Basi.

Na namna ya kusema? Balisema kupitia Riziki. Mutoto kitovu bado haijaanguka, tayari iko na kazi ya kupeleka habari. Mama yuko ndani: "Riziki, ambia baba yako chumvi inaisha." Wilondja yuko inje (tate, kwetu, ni mama ya mama): "Riziki, ambia tate yako nitaleta mangaribi, na samaki iko ku mulango." Na Riziki mwenyewe amelala, mudomo wazi. Nilicheka mupaka tumbo ikaniuma, na tumbo ilikuwa bado haijapona.

Balipendana bale babili. Sijaona bakwe bengine kupendana vile. Wilondja alichagua samaki kuhe munono ku mitumbwi, hakuleta kwangu, alileta ku mulango ya jiko. Na mama aliniambia siku moja, akinikanda mugongo: "Huyu mwanaume iko na adabu. Hata kikohozi yake iko na adabu."

Hiyo njo nyumba yenye Madame aliingia.

Wilondja ni kapita, musimamizi wa kazi, ku depo ya pamba, karibu na ziwa. Siku ile masua ilileta basafiri, na kati yao Madame mumoja wa kofia nyeupe, mugeni wa Bwana Ajenti wa Leta, ile serikali ya bazungu. Madame alitaka kuona jamaa ya bantu beusi namna inakaa. Bwana Ajenti akamuonyesha Wilondja na fimbo: kapita, peleka sisi kwako. Mugeni njoo, mwenyeji apone, bazee balisema. Bazee habakumuona yule Madame.

Habakupiga hodi. Bakazunguka nyumba mupaka ku jiko. Wilondja alikuwa mbele yao, na alikohoa. Alikohoa, akakohoa tena, akakohoa mupaka Bwana Ajenti akamuuliza kama iko na kifua. Mama alikuwa anamuosha Riziki mu beseni. Alivuta kitambaa juu ya uso, akageukia ukuta na mutoto mikononi, maji inatiririka ku mikono yake.

Madame akaona ni haya ya bashenzi. Akaenda kwake, akamushika mabega, akamugeuza. Akatoa kile kitambaa na mikono yake mwenyewe, polepole, akicheka, kama muntu anafungua zawadi. Alisema ni juu ya mwangaza wa picha.

Mi sikukaa kimya. Ninaandika hiyo kwa sababu bantu bengine banafikiri nilikaa kimya. Nilitoka mu nyumba nikijishikiza ku mulango, na nikamuambia na kile Kifaransa masista balinipa: Madame, non, yule ni mama mukwe wake, haifai, kwetu haifai kabisa. Madame alifurahi! Akamugeukia Bwana Ajenti, bakacheka bote babili mupaka machozi. Kumbe kwao mama mukwe ni kitu ya kuchekesha. "Justement!" akaniambia. Njo sababu! Leo tutabapatanisha.

Kubapatanisha. Bantu benye habajagombana hata siku moja.

Akakamata mukono wa Wilondja na kuuweka juu ya bega ya mama yangu. Wilondja akamutazama Bwana Ajenti. Bwana Ajenti alikuwa anagonga kiatu chake na fimbo, tap, tap, hana haraka. Kazi ya depo, nyumba ya depo, munyororo wa gereza, yote ilikuwa mu ile fimbo. Mukono wa Wilondja ukabaki palepale ulipowekwa.

Kisanduku cha Madame cha kupiga picha kikalia, tka. Madame akasema tena, encore. Bwana Ajenti akapiga kelele: "Macho huku! We mama, fungua macho!" Mugongo wake ulinifunika, sikuona kitu. Nilisikia Riziki analia kwa nguvu, mara moja, na kisanduku kikalia mara ya pili.

Kiisha bakaenda. Madame alituachia bonbon juu ya jiwe la jiko.

Mama hakulia. Alimukausha mutoto, akamuvalisha, akamuweka mu mikono yangu. Akafunga muzigo wake. Wilondja alikuwa amekimbilia ku depo, hakuweza kusimama hapo. Nikamuambia mama, mvua iko karibu, ngoja kesho, mama, ngoja nipone. Hakunitazama. Alimutazama mutoto. Akasema: "Riziki, ambia mama yako abaki salama."

Na mi pia. Na mi pia alinisemesha kupitia mutoto, kama mukwe.

Akaingia njia ya Lubondja kupitia majani, na mvua ikamukutia huko.

Nilijiosha mwenyewe. Nilipika uji mwenyewe, nikimufunga Riziki ku mugongo, damu ya uzazi bado haijaisha. Bamajirani balinisaidia, Mama Feza hata alilala kwangu, Mungu amubariki. Lakini mama ni mama. Kila mara nilisikia mulango ya jiko inalia, niligeuka.

Wilondja alifanya ile yenye inafanywa. Akatuma kaka yake kule Lubondja na mbuzi na kitambaa kipya. Bajomba bangu bakakaa baraza. Mujomba mukubwa, Muzee Asende, si muntu mubaya, lakini ni muntu wa kuchambua neno mupaka mufupa. Alisema hivi: mukono tunaelewa, muzungu aliukamata mukono, mbuzi italipa mukono. Lakini macho? Fimbo ya muzungu haifiki mu macho ya muntu. Na macho haina pazia. Alimutazama mama mukwe wake mu uso, ao hakumutazama?

Wilondja akajibu: sikumutazama. Bajomba bakasema kila mwanaume angejibu vile.

Bakamuuliza mama. Mama akasema: macho yangu mi nilifunga, nitajua namna gani?

Bakarudisha mbuzi. Ile mbuzi ilirudi mu kamba kupitia katikati ya soko, bantu bote banatazama. Neno ya bajomba ilikuja nayo: kama alimutazama, bukwe imekufa, mama yenu hatakanyaga tena ile nyumba, na binti yetu atapanda huku na mutoto wake. Kama hakumutazama, alete mushahidi. Tunangoja mupaka mvua ya kwanza. Mi si mushahidi, mi ni bibi yake. Na nani ataenda kumuuliza Bwana Ajenti?

Basi miezi hii yote tuliishi vile. Riziki amejifunza kukaa mwenyewe. Tate yake hajamuona kukaa. Wilondja hasemi sana, na mi ninamutazama akikula na ninafikiri: kweli, hukutazama? Kiisha ninajichukia. Tunalala kitanda kimoja kama bapangaji. Jana niliona muchwa inatoka mu udongo, nikaogopa, nikafikiri mvua imekaribia, na tuko mu kiangazi katikati.

Sasa ile bahasha.

Alimasi aliniambia Madame wa kofia nyeupe alipanda tena masua Usumbura kurudi kusini, na hakushuka Baraka juu ya upepo. Lakini alimukumbuka "kapita na mama mukwe wake," akamupa ile bahasha atuletee. Nikaifungua palepale ku muchanga, na upepo ikataka kuninyanganya.

Mama yangu. Mama yangu mwenyewe, ku karatasi! Macho imefungwa, imekazwa kabisa kama muntu anaoshwa pilipili. Riziki mu mikono yake, mudogo kama ndizi. Na Wilondja: mukono uko ku bega, lakini kichwa chake chote kimegeukia ziwa, shingo imejipinda mupaka unaona mushipa. Hakuna muzee, hakuna mujomba, hakuna Muzee Asende mwenyewe na kuchambua kwake, ataona ile picha na kusema alimutazama.

Nilipiga kigelegele. Nilimukumbatia Alimasi mbele ya bantu, sikujali. Mushahidi! Leta yenyewe haina mushahidi kama huu.

Alimasi akacheka, akashangaa. "Kumbe unaipenda? Madame aliona haya kidogo. Alisema hii iliharibika, mumoja amefunga macho, mwingine anatazama pembeni. Njo sababu aliitoa. Ile ingine alibaki nayo."

Ile ingine.

"Ile ingine ni muzuri mupaka! Alinionyesha, ameiweka mu kioo, anatembea nayo. Basafiri bote baliitazama mu masua, baliipitisha mukono kwa mukono. Mutoto yuko kati yao, na bale babili banatazamana, macho ku macho, kama mama na mutoto wake wa tumbo. Muzungu mumoja alisema hajaona picha ya upendo kama ile."

Akaenda kuuliza mwingine juu ya magunia. Mi nilibaki na bahasha mukononi. Ndakala ilikuwa inangaa chini, na nilikuwa nimesimama juu yake. Mama Feza akapiga kelele, nikatoka.

Hiyo njo uchungu wangu, shajara. Balitazamana. Wilondja alisema uongo kwa bajomba. Na mama, mama yangu mwenye hasemi uongo hata kwa mwizi, alisema uongo pia: macho yangu nilifunga. Ya kwanza, ndiyo. Ya pili alifungua. Alijua kabisa, na alijibu vile ili mi nisiachwe, na yeye akabaki Lubondja na haya yake peke yake.

Mangaribi nilimuonyesha Wilondja picha. Alikaa chini. Akaishika na mikono miwili, akacheka, machozi ikatoka, akasema kesho tutapata mbuzi ingine, munono kupita ile. Nikamuacha afurahi. Kiisha nikamuuliza: "Na ile ya pili?"

Akageuza picha, akaiweka juu ya magoti.

"Mutoto aliteleza," akasema.

Basi. Ninaona yote bila kuambiwa. Riziki alikuwa na maji mwili wote, na yule bwana anapiga kelele, mama akashituka, mutoto akateleza mu mikono, akalia. Wilondja akamudaka chini, mama akamudaka juu, na babili bakainua uso kwa mara moja. Nani angefunga macho pale? Niambie nani. Muzee Asende mwenyewe angefungua. Lakini nenda kumueleza Muzee Asende.

Kesho ninapanda Lubondja na Riziki ku mugongo, picha mu kitambaa, Wilondja nyuma na mbuzi. Nitaweka picha mu mikono ya bajomba na nitanyamaza. Picha haisemi uongo, inasema nusu. Je, kunyamaza ni zambi? Nimufuate padri niungame? Padri naye ni muzungu, nikifika ku "mama mukwe" atacheka.

Na mama je? Ataitazama, atajua ni ya kwanza. Alisikia kisanduku kulia mara mbili sawa na mi. Sijui kama nitaweza kumutazama, sijui kama atanisemesha kwa mudomo wake ao kupitia mutoto. Ninataka tu arudi. Ninataka kusikia kikohozi nyuma ya nyumba na mama anageukia ukuta.

Lakini kitu kimoja kinanichoma kupita bajomba, kupita uongo, kupita yule Madame na kofia yake. Bantu babili benye ninabapenda kupita bote ku dunia balitazamana mara moja tu mu maisha yao. Masua nzima imeona. Bapishi bameona, bazungu benye balikuwa banakunywa bia bameona. Mi, bibi yake, mi, binti yake, sijaona, na sitaona.

Musafiri, neno ya mwisho, na hii Alimasi hataiandika mu karatasi ya kompani. Ukipiga picha mu nyumba ya bantu, usituletee yenye imeharibika na kuenda na ile muzuri. Tuachie zote mbili. Moja tutaipelekea bajomba. Ingine nitaificha mi mwenyewe, chini ya nguo, mupaka Riziki awe mukubwa wa kunyamaza, nimuonyeshe namna tate yake na baba yake balivunja heshima yao yote siku ile, ili yeye asianguke.